Mtoto Aliyechelewa Kulia

Kwa miaka mingi nilikijua kitanda cha leba kwa upande mmoja tu, upande wa miguuni, anaposimama mkunga. Nilijua gurudumu lipi halifungi vizuri, nilijua raba ya godoro imepasuka wapi, na nilijua kuwa meza ya kumpokelea mtoto iko kushoto, karibu na dirisha. Nilichokuwa sikijui ni kwamba mama aliyelala chali haioni meza ile. Anaona mgongo wa mkunga. Mengine yote anayasikia.

Hilo nilijifunza nikikaribia miaka arobaini, kwenye kituo cha afya kilekile nilichofanyia kazi, hapa mjini Songea.

Mimi na mume wangu, mwalimu wa sekondari, tulikuwa tumekaa Msamala muda mrefu bila mtoto. Majirani walishaacha kutuuliza. Mimba ilipoingia nilikaa nayo kimya hadi gauni la kazi lilipoanza kunibana, na hata hapo niliwaambia wenzangu wachache tu. Wa kwanza kumwambia alikuwa mkunga mdogo aliyekuja kwetu moja kwa moja kutoka chuoni. Nilikuwa nimepewa kazi ya kumwelekeza. Ananiita dada, na mimi namwita mdogo wangu. Alikuwa mwepesi, msafi, mpole kwa wazazi. Jambo moja tu lilikuwa linamsumbua: ambu, kile kifuko cha kupulizia hewa mtoto anayezaliwa bila kupumua. Viganja vyake ni vidogo, na kila tulipofanya mazoezi kwa mwanasesere wa plastiki, maski ilikuwa inakaa upande kidogo usoni, hewa inatoroka pembeni ya shavu. Nilimrudisha mwanzo tena na tena.

"Sikiliza," nilikuwa namwambia. "Ukisikia fyuu, jua hewa haiingii ndani. Inakwenda chumbani."

Mimba yangu ilikuwa imeshakuwa kubwa alipokuja yule mama kutoka Lusewa. Alikuwa amefikia kwa dada yake, mtaa wa Bombambili, ili asubiri siku zake karibu na huduma, maana barabara ya kwao masika haiaminiki. Alikuwa mtulivu mno. Uchungu ulimkamata muda mrefu nyumbani bila yeye kusema, na walipomleta, mapigo ya moyo ya mtoto yalikuwa yameshaanza kuchoka. Mtoto alitoka amelegea, mweupe, shingo haina nguvu. Nilimkausha, nikamsugua mgongo, nikamweka mezani, nikashika ambu. Mdogo wangu alikuwa upande wa pili na vidole vyake kwenye kitovu, anatafuta mapigo.

Nilikuwa nimeinama, tumbo langu limegusa ukingo wa meza, na kila nilipobonya kifuko, mwanangu alikuwa anapiga teke ndani. Nakumbuka jambo hilo kuliko yote. Mtoto mmoja alikuwa hajisogezi mbele ya macho yangu, mwingine anajisogeza ndani yangu, na mikono yangu ilikuwa inamhudumia yule wa kwanza tu. Kifua chake kilipanda vizuri. Hewa iliingia. Moyo ndio haukurudi.

Tulifanya hivyo mpaka daktari alipokuja, akasikiliza, akasikiliza tena, akaniwekea mkono begani. Niliacha kubonya.

Mama yule aliinua kichwa kidogo.

"Mbona mmeacha?" akauliza.

Nilimwendea, nikakaa kwenye ukingo wa kitanda, nikamwambia. Hakupiga kelele. Dada yake ndiye aliyeingia baadaye, akamfunika mdogo wake vizuri na kanga, halafu akaniangalia tumboni kwa muda.

"Pole dada," akasema. "Lakini wewe na hali yako, hukutakiwa kumshika."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekuambia kuna utelezi mbele yako.

Mama yangu mzazi anakaa kijijini, nje ya mji, na habari zile zilimfikia sijui kwa mdomo wa nani. Ni Mkatoliki wa kila Jumapili, lakini kuna mambo ya bibi zake ambayo hajayaacha. Alinipigia simu asubuhi.

"Umeshika mtoto wa namna hiyo na tumbo hilo?"

"Mama, ni kazi yangu."

"Sikatai. Chukua likizo sasa. Nami nakuja."

Nilicheka, nikamwambia asije mapema, mahindi yatamharibikia. Lakini wiki ile ile nilianza kuona kwamba mtoto anacheza kidogo kuliko zamani. Hakuacha. Alipunguza. Nilikuwa nakunywa maji baridi, nalala ubavu wa kushoto, nangoja, na baada ya muda alikuwa anajigeuza taratibu, kama mtu anayeamshwa asiyetaka kuamka. Nilipimwa. Mapigo yalikuwa mazuri. Nilipimwa tena siku zangu zilipopita, na daktari akaniambia mwanzo wa wiki nije wanianzishie uchungu. Nilikubali. Nilikuwa nimewaambia akina mama wengi maneno hayo hayo, na nikiyasema huwa yananitosha.

Mvua za mwaka ule zilikuwa za kushindilia. Milima ya Matogoro haikuonekana kwa siku nyingi. Mawingu yalikaa chini, maji mekundu yakapita mbele ya nyumba yetu mchana kutwa. Mama alikuja, akakuta nimekaa mlangoni mikono juu ya tumbo. Alinipikia uji wa ulezi, akakaa karibu yangu, naye akaweka mkono wake pale.

"Amelala," akasema.

"Amelala," nikamjibu.

Uchungu ulianza Jumapili, watu wakiwa wanarudi misa ya kwanza na miavuli yao. Mume wangu alikodi bajaji. Kituoni, zamu ilikuwa ya mdogo wangu pamoja na mhudumu mmoja wa wodini, mama mtu mzima mwenye mikono ya taratibu. Gari la wagonjwa lilikuwa limekwenda hospitali ya mkoa na mzazi mwingine. Daktari wa zamu alikuwa kwake.

"Karibu dada," mdogo wangu akasema, akacheka kidogo. "Leo unanipa mtihani."

Alinipima vizuri. Mapigo ya mtoto yalikuwa sawa. Njia ilikuwa inafunguka. Nilimwona alipokwenda mezani, akachukua ambu, akaijaribu kwenye kiganja chake kama nilivyomfundisha, akaiweka mahali pake. Alijua namwangalia.

Saa za mchana zilienda hivyo. Mvua ilipiga bati mpaka tukawa tunazungumza kwa kupaza sauti. Halafu chupa ya uzazi ikapasuka. Nilisikia maji ya moto yakishuka, na nikasubiri aseme neno, kwa sababu mkunga huwa anasema neno hapo. Hakusema. Alikuwa ameinamia shuka.

"Rangi gani?" nikamuuliza.

"Dada, pumua tu."

"Rangi gani?"

"Kijani."

"Nyepesi au nzito?"

Akaikunja shuka ile.

"Mdogo wangu, nyepesi au nzito?"

"Nzito," akasema.

Mtoto akichoka tumboni hujisaidia humo humo, na maji huwa ya kijani. Yakiwa mazito namna ile, mkunga huanza kuandaa meza. Nilimsikia anaandaa. Alifunga dirisha, akapasha taulo, akamtuma mhudumu ampigie daktari simu. Akarudi kunisikiliza mtoto uchungu ulipobana, na nikaona anavyoendelea kusikiliza baada ya uchungu kupita. Mtoto mwenye nguvu moyo wake hurudi haraka. Yeye alisikiliza muda mrefu mno.

"Unashuka?" nikauliza.

"Unashuka. Unarudi, ila unachelewa." Akashika goti langu. "Kichwa kiko karibu. Daktari yuko njiani. Njia ya haraka ni hii, dada. Sukuma."

Nilisukuma. Sitaki kusimulia uchungu. Kila aliyezaa anao wake. Nasema tu kwamba nilisukuma kwa hofu, na hofu ina nguvu ambayo sikuwahi kuiona kwa wale niliowahimiza mimi. Nilimsikia mtoto anatoka, uzito wote kwa mara moja, na nikanyamaza ili nimsikie.

Hapakuwa na kitu. Mvua tu juu ya bati.

Watu hudhani kimya cha leba ni kimya. Sivyo. Nilisikia taulo linasugua ngozi. Nilisikia kile kipira cha kufyonzea uchafu kinabonywa, kinaachiwa, kinabonywa. Nilisikia mkasi. Nilisikia hatua za mdogo wangu kwenda mezani, nyepesi, haraka, na mgongo wake ukasimama kati yangu na mwanangu.

"Mvulana," mhudumu akasema, kwa sauti ndogo, kwa kuwa ilikuwa lazima mtu aseme kitu.

Halafu nikasikia ambu. Ilibonywa, na baada yake ikaja fyuu.

Ikabonywa tena. Fyuu.

"Inavuja," nikasema.

Hakunisikia. Mvua, au hofu. Nikainuka kwa viwiko.

"Mdogo wangu! Kifua kinapanda?"

"Hakipandi." Akabonya tena. "Dada, hakipandi."

"Kichwa. Kiweke kama cha mtu anayenusa. Umekikunja nyuma sana?"

"Nimekirekebisha."

Fyuu.

"Usiigandamize maski usoni. Inua kidevu, kije kwenye maski. Kidevu ndicho kije."

"Mikono yangu inateleza!"

"Futa uso wake. Futa na mikono yako. Futa, anza upya."

Aliinua maski, akafuta. Kwa kitambo hicho hapakuwa na sauti yoyote mezani, na nikajua maana yake: kwa kitambo hicho mwanangu hakuwa anapewa hewa na mtu yeyote. Nilitaka kushuka. Mhudumu alinizuia kifuani kwa mkono wake wa taratibu, na mkono huo ulikuwa na nguvu kuliko nilivyofikiri.

"Kitovu," nikamwambia yeye. "Niache mimi, nenda ushike kitovu. Moyo upo?"

Akaenda. Akasimama. Akafumba macho.

"Upo," akasema. "Unatembea polepole."

Mdogo wangu akarudisha maski. Akabonya. Na safari hii mlio ulikuwa mwingine, mzito, uliozibwa, kama mtu anayepuliza ndani ya mto. Nilijua kabla hajasema.

"Kinapanda," akasema, na akaanza kulia huku anabonya. "Dada, kinapanda."

"Usilie, hesabu. Pumua, mbili, tatu. Pumua, mbili, tatu."

Tukahesabu wote wawili, yeye amesimama, mimi nimelala. Kondo la nyuma lilitoka lenyewe bila mtu kulipokea. Nje ya mlango mama yangu alikuwa anabisha kwa kiganja. Alikuwa amengojea kilio na kilio hakikuja, na sasa alikuwa haulizi kitu, anabisha tu, halafu akaacha, na nikasikia magoti yake yanashuka kwenye sakafu ya korido.

Mtoto alivuta pumzi. Ilikuwa kama kwikwi. Mhudumu akasema, "Asante Yesu."

Mimi sikusema. Mwilini mwa mtoto aliyechoka sana kuna pumzi za namna hiyo, za kukwama, moja halafu hakuna kitu, nyingine halafu hakuna kitu. Huwadanganya watu. Mtu akiziona huacha kubonya, na mtoto anaondoka.

"Usiache," nikasema. "Hiyo bado si pumzi. Usiache."

"Siachi."

Daktari aliingia ameloa mpaka soksi. Aliangalia mara moja, akafungua oksijeni, akamsikiliza mtoto, na badala ya kuichukua ambu akamwambia mdogo wangu aendelee vilevile, kwa kuwa alikuwa anabonya vizuri. Nilihesabu nao mpaka midomo ikanikauka. Kisha, sijui baada ya muda gani, nikasikia sauti nyembamba, yenye mkwaruzo, isiyofanana na kilio cha mtoto yeyote niliyempokea. Ikakatika. Ikarudi.

Walimleta karibu na uso wangu, wakagusisha shavu lake na shavu langu. Alikuwa baridi. Macho yake yalikuwa wazi mno, yanatazama juu yangu, hayatafuti kitu.

Gari la wagonjwa lilikuwa limerudi. Mdogo wangu alipanda na mtoto, ambu mkononi, oksijeni miguuni pake, mume wangu akawafuata kwa bodaboda kwenye mvua ile. Mimi nilibaki nashonwa. Nilisikia gari linatoka getini, linabadilisha gia kwenye mteremko, na nikaendelea kuhesabu peke yangu, pumua, mbili, tatu, kama vile ningeacha, na yeye huko angeacha. Daktari alikuwa ananishona, hakunikataza.

Jioni mume wangu alirudi, maji yanamtiririka.

"Yupo," akasema mlangoni, kabla hajaingia. "Yupo hai. Wamemwekea mipira puani. Imeunganishwa na chupa ya maji, yanachemka."

"Hayachemki. Ni mapovu ya hewa. Yanamsaidia mapafu yasifunge."

"Basi yanatoa mapovu," akasema, akakaa kitandani kwangu na nguo zake zilizoloa, akanishika mguu. Mhudumu alitaka kumwambia ainuke, akaacha.

Kesho yake walinipeleka hospitalini. Wodi ya watoto wachanga ilikuwa na joto kama la jikoni, na sauti moja tu iliyotawala humo ni ile ya chupa: bubu, bubu, bubu. Nilikaa kwenye stuli pembeni ya mwanangu. Ilikuwa zamu yangu kutazama kifua chake. Kilipanda chenyewe. Kilishuka chenyewe. Ningeweza kufurahi, na nadhani kwa nusu ya asubuhi nilifurahi kweli.

Mume wangu ndiye aliyeona kwanza.

"Angalia!" akaninong'oneza. "Angalia miguu. Anaendesha baiskeli!"

Ilikuwa kweli. Miguu yake midogo ilikuwa inazunguka, mguu huu, mguu huu, kwa mwendo mmoja usiobadilika. Midomo nayo ilikuwa inanyonya hewani, inanyonya, inanyonya. Mume wangu alikuwa anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. Alikuwa ameshatoa simu ampige picha.

Niliweka kiganja changu juu ya miguu ile, polepole. Mtoto anayecheza ukimshika anatulia. Hii iliendelea chini ya kiganja changu.

"Hachezi," nikamwambia.

"Nini?"

"Hachezi, baba. Ni degedege. Mwite nesi."

Aliniangalia kama mimi ndiye niliyelileta. Halafu akaenda kumwita nesi, anatembea haraka huku simu bado imewaka mkononi.

Walimpa dawa. Degedege likaacha, likarudi, likaacha. Daktari wa watoto, mwanamke asiye na maneno mengi, alituita pembeni akatueleza kuwa ubongo ulikosa hewa kabla ya kuzaliwa na baada, na kwamba hawezi kutuambia kiasi gani.

"Lini tutajua?" mume wangu akauliza.

"Anavyokua," akasema. "Shingo, kukaa, kutembea, kusema. Kila hatua itatuambia kidogo."

Mama yangu alikuwa amesikia neno moja tu, degedege. Siku hiyo alikuja na chupa ndogo ya maji ya baraka chini ya kanga.

"Nataka nimbatize."

Mume wangu alisimama. "Mama, shikamoo, nakuheshimu. Lakini ukimbatiza humu ndani unasema anakufa."

"Nasema ana jina," mama akajibu. "Hata kama anakaa, hata kama anaondoka. Mpaka sasa mnamwita mtoto."

Ilikuwa kweli. Tulikuwa na jina tulilolichagua tangu mimba ina miezi michache, na hakuna kati yetu aliyekuwa amelitamka tangu Jumapili. Nilimwomba nesi ruhusa. Mama akanawa mikono mpaka viwiko, akadondosha matone kwenye paji la uso, akanong'ona. Mtoto alikunja uso. Mume wangu alikuwa amegeukia ukuta, lakini jina lilipotajwa nilimwona anaitikia kwa kichwa.

Tulikaa wodini kwa majuma. Waliondoa chupa ya mapovu, nikalala siku ile bila kujua nisikilize nini. Alilishwa kwa mpira, baadaye kwa kikombe, baadaye alishika ziwa, kidogo, akalala, akalishika tena. Tuliporudi Msamala majirani walikuja na unga na kuni, wakakaa, wakasema hongera kwa sauti ya chini. Hakuna aliyepiga kigelegele. Mama yangu aliwazuia kwa macho tangu mlangoni. Alisema tusubiri kwanza.

Mdogo wangu alikuja mara moja. Hakuingia ndani, alisimama uani na mfuko wa sabuni na nepi, viatu vyake vimejaa tope.

"Karibu umwone," nikasema.

"Nitamwona siku nyingine." Akatazama chini. "Dada, pale mwanzo. Hewa ilikuwa inavuja."

"Najua."

"Ilivuja muda gani?"

"Sijui. Hakuna anayejua. Alikuwa ameshachoka kabla hajatoka, moyo ulishatuambia. Wewe ndiye uliyemrudisha."

Maneno yote hayo ni ya kweli, na ningeyasema tena leo mbele ya yeyote. Lakini niliyasema haraka mno, na yeye alisikia uharaka huo. Alinikabidhi mfuko, akaaga. Mwezi uliofuata aliomba uhamisho kwenda wilayani, akapewa. Huwa nasikia habari zake: wanasema hakuna anayemshinda kwa ambu sasa, na kwamba kila zamu huwafanyisha wenzake mazoezi kwa mwanasesere mpaka wanachoka naye. Hatujawahi kupigiana simu.

Mwanangu alishika shingo, akachelewa. Akakaa, akachelewa. Alipoanza kutembea mume wangu alitoka nje akalia peke yake kwenye mahindi, nikamwacha. Mkono wa kushoto hupenda kukunja ngumi. Anazungumza. Anasema sana, kwa kweli, na bibi yake amemfundisha maneno ya Kingoni ambayo baba yake hayaelewi, na wawili hao humcheka.

Nilirudi kazini. Watoto wengi hulia kabla sijawafunika, na wasiolia nawashughulikia, mikono yangu haijasahau. Ninachoshindwa ni mama anayeinua kichwa kutoka kwenye mto anisikilize. Siku hizi namwambia kila ninalofanya, kwa sauti, likiwa jema au baya. Wenzangu wengine wanaona nawatisha wazazi.

Mwaka jana, mwanangu akiwa anakunywa uji, kijiko kilisimama. Hakukiangusha. Alikishika tu katikati ya bakuli na mdomo, macho yametulia pembeni yangu, kope hazipigi. Nikamwita. Nikamwita tena. Halafu akapepesa, akamalizia kijiko chake, akaniuliza kwa nini namwita na mimi niko hapo hapo.

Tulirudi kwa yule daktari wa watoto. Alisikiliza, akatikisa kichwa taratibu, akaandika dawa. Alisema huenda ni mabaki ya yale ya wodini, huenda yakaisha akikua, huenda yasiishe. Dawa anakunywa asubuhi na jioni, na kwa miezi mingi hatukuona kitu. Mama akaanza kusema yamekwisha. Mume wangu alimnunulia mpira.

Jumamosi iliyopita, mvua ikiwa imepumzika, alikuwa anafukuza kuku uani. Alipiga kelele, akakimbia, akageuka nao kwenye kona ya jiko, na hapo akasimama. Kuku wakaenda. Yeye alibaki amenyoosha mkono mmoja mbele, anatazama bustanini kwenye mboga za maboga. Niliacha kufua. Mume wangu aliyekuwa anapaka viatu rangi aliacha pia. Sisi wawili hatukusogea.

Halafu akacheka, akakimbia tena.

"Alikuwa anaangalia kitu," mume wangu akasema. "Kuna mjusi pale, au nini."

"Labda."

Alinyanyuka, akaenda mpaka kwenye mboga, akainama, akafunua majani hili na hili. Alikaa huko muda, mgongo wake kwangu. Aliporudi alikaa mahali pake, akachukua brashi, akaendelea na kiatu kilekile alichokwisha kukipaka.